Kuchagua kitazamio cha kamera ya filamu ya 120: Mwongozo kwa wanaopiga picha sanamu za Tabaka

Na MWANDISHI WETU

SANAMU ikishauzwa Tabaka, ni nadra kurudi. Hufungwa, ikatiwa kwenye kasha na kusafirishwa hadi Kisii mjini, Nairobi, Mombasa au ng'ambo, naye aliyeichonga hubaki na kumbukumbu tu ya kazi ya mikono yake. Akitakiwa mwaka unaofuata achonge nyingine mfano wa ile, au akihitaji kumthibitishia mnunuzi mpya kwamba ana uwezo wa kuifanya, tegemeo lake ni picha. Kwa hivyo picha ya sanamu si pambo la biashara hii. Ni sehemu ya biashara yenyewe.

Tabaka, katika eneo la Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, ndiko kitovu cha uchongaji wa mawe laini ambayo wengi huyaita mawe ya sabuni au mawe ya Kisii. Huko huchongwa vibakuli, sahani, wanyama, sanamu za watu, vibao vya sataranji na kazi kubwa za sanaa. Mchongaji mashuhuri kutoka eneo hilo, Elkana Ong'esa, amelifikisha jina la sanaa ya Kisii hadi makao makuu ya shirika la UNESCO jijini Paris, iliko sanamu yake ya ndege wa amani.

Siku hizi picha nyingi za kazi hizo hupigwa kwa simu ya mkononi, na kwa kumtumia mnunuzi picha ya haraka hakuna chombo kinachoishinda. Hata hivyo, wapo wapiga picha ambao bado wanatumia kamera za filamu pana kutayarisha katalogi, maonyesho na kumbukumbu za kudumu. Makala haya yanahusu sehemu moja ya kamera hizo ambayo aghalabu hununuliwa bila kufikiriwa, nayo ni kitazamio.

Filamu ya 120 na gharama ya kosa

Filamu ya namba 120 ilianzishwa na kampuni ya Kodak ya Marekani mwaka 1901, na ingali inatengenezwa na Kodak pamoja na Ilford ya Uingereza. Upana wake unakaribia sentimita 6. Roli moja hutoa picha 12 za sentimita 6 kwa 6, picha 10 za sentimita 6 kwa 7, au picha 15 ama 16 za sentimita 6 kwa 4.5, kutegemea kamera. Negativu ya 6 kwa 6 ina eneo linalozidi mara tatu na nusu lile la negativu ya filamu ndogo ya milimita 35. Ndiyo maana michirizi ya rangi ndani ya jiwe, alama za patasi na ulaini wa uso uliosuguliwa huonekana vyema hata picha ikikuzwa sana.

Faida hiyo ina bei yake. Kila picha hulipiwa mara mbili, kwanza filamu inaponunuliwa na tena inaposafishwa. Isitoshe, kosa halijulikani hadi filamu isafishwe, na kufikia wakati huo huenda sanamu imekwisha kusafirishwa. Picha iliyokatwa kichwa cha twiga au iliyokosa kulengwa sawasawa haiwezi kurudiwa ikiwa twiga mwenyewe yuko baharini. Kitazamio ndiyo nafasi ya mwisho ya kulizuia kosa hilo.

Kitazamio ni nini?

Kitazamio ni sehemu ya kamera ambayo mpiga picha huitumia kuona kitakachoingia kwenye picha na kuhakikisha kwamba kimelengwa barabara. Kamera za filamu ya 120 zimegawanyika katika makundi makuu matatu, na kundi la kamera ndilo linaloamua ni vitazamio gani unavyoweza kuchagua.

Kundi la kwanza ni kamera za lenzi mbili, moja ya kutazamia na nyingine, iliyo chini yake, ya kupigia picha. Rolleiflex ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1929, ndiyo maarufu zaidi, na baadaye zikaja nyingine kama vile Yashica Mat-124G na Mamiya C330 za Japani. Kamera za aina hii zilitumika sana katika studio za Afrika. Ibrahima Sanlé Sory, aliyefungua studio yake ya Volta Photo katika mji wa Bobo-Dioulasso mwaka 1960, alipata sifa kwa picha za watu alizozipiga kwa Rolleiflex.

Kundi la pili ni kamera za lenzi moja zenye kioo ndani. Kioo hicho huipeleka juu taswira inayopita kwenye lenzi, kisha hujikunja filamu inapopigwa. Mifano ni Hasselblad 500C ya Uswidi, iliyotoka mwaka 1957, Mamiya RB67 ya mwaka 1970, Bronica SQ na Pentax 67. Nyingi kati ya kamera hizi huruhusu kitazamio kung'olewa na kingine kuwekwa, na humu ndimo uchaguzi ulimo mpana.

Kundi la tatu ni kamera zenye dirisha dogo la kutazamia kando ya lenzi, kama Mamiya 7 ya mwaka 1995. Kitazamio chake hakibadiliki, na lenzi yake ya kawaida hailengi kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja. Ni kamera nyepesi na nzuri kwa mandhari ya machimbo na vilima vya Gusii, lakini haifai kwa kibakuli kinachotoshea kiganjani.

Kitazamio cha kiunoni

Hiki ndicho kitazamio cha asili cha kamera hizi. Ni kuta nne nyembamba zinazokunjuliwa juu ya kamera, na katikati yake mna kioo cha ukungu ambacho taswira hujitokeza juu yake. Mpiga picha hushika kamera usawa wa tumbo au kifua na kuinamisha kichwa kutazama ndani. Lenzi ndogo ya kukuza huinuliwa anapotaka kuhakikisha kwamba amelenga sawasawa. Ni chepesi, ni rahisi kuliko vingine, na aghalabu huuzwa pamoja na kamera.

Kwa kazi ya Tabaka, kitazamio hiki kina faida tatu.

Ya kwanza ni kimo. Sanamu ndogo huwekwa juu ya meza, kigoda au kipande cha jiwe, na ukitumia prizimu italazimu upige magoti au uukunje mgongo kwa saa nzima. Ukitumia kitazamio cha kiunoni, unasimama wima na kutazama chini.

Ya pili ni picha zinazopigwa kutoka juu. Sahani zenye nakshi na vibao hupigwa vizuri zaidi kamera ikielekezwa chini moja kwa moja. Katika hali hiyo mdomo wa kitazamio cha kiunoni humgeukia mpiga picha aliyesimama kando, ilhali prizimu iliyonyooka humtaka apande juu ya kitu na kuchungulia kutoka juu ya kamera.

Ya tatu ni kwamba taswira iliyo juu ya kioo inaweza kutazamwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Mchongaji anaweza kusogea, akainamisha kichwa na kuona mwenyewe jinsi kazi yake itakavyotokea. Yeye ndiye ajuaye upande ambao sanamu hutazamwa, mahali pa mkunjo aliouhangaikia na ufa ambao mnunuzi anapaswa kuuona mapema asije akadai amedanganywa. Prizimu huruhusu jicho moja tu. Kwa mtu anayepiga picha za kazi ya mwingine, hii huenda ndiyo sababu nzito kuliko zote.

Kasoro yake kubwa ni kwamba taswira hugeuka kushoto kulia. Juu hubaki juu, lakini kilicho kulia huonekana kushoto. Anayeanza hutaabika, kwani akigeuza kamera kukifuata kitu kinachoponyoka ukingoni, kitu hicho huzidi kutoweka. Mazoezi ya siku chache, bila filamu ndani, huondoa tatizo hilo kwa vitu visivyosogea.

Vibao vya sataranji vinahitaji uangalifu wa pekee. Kwa desturi ya mchezo huo, pembe ya kibao iliyo karibu na mchezaji upande wake wa kulia huwa ni mraba mweupe. Kibao kilichopangwa sawasawa kitaonekana kimekosewa ndani ya kitazamio cha kiunoni, na malkia atakuwa upande usio wake. Mpiga picha asiyelijua hili hukigeuza kibao ili kipendeze machoni, kisha mnunuzi aujuaye mchezo anapokea picha yenye kosa na kudhani mchongaji hajui anachokichonga. Kibao na kipangwe kwa kutazama meza wala si kwa kutazama kitazamio. Hali kadhalika, jina au tarehe iliyochongwa kwenye jiwe itasomeka kinyumenyume kwenye kioo, lakini kwenye picha itakuwa sawa.

Kitazamio cha bomba

Hiki pia hutazamwa kutoka juu, lakini badala ya kuta zinazokunjwa kina mwili mgumu uliofungwa pande zote, wenye lenzi ya kukuza juu yake. Taswira bado hugeuka kushoto kulia, na ni mtu mmoja tu anayeweza kuitazama.

Ubora wake ni kwamba huzuia mwanga wa nje. Tabaka iko chini ya nyuzi moja kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaribia kuwa utosini na kumwagika moja kwa moja ndani ya kitazamio cha kiunoni, kioo kikafifia hata taswira isionekane. Anayepiga picha nyingi nje wakati wa mchana atafurahia kitazamio cha bomba. Asiyekuwa nacho anaweza kujifunika kitambaa cheusi kichwani pamoja na kamera, jambo ambalo wapiga picha wa zamani walilifanya bila haya, au apige asubuhi na jioni. Mwanga wa nyakati hizo huja kwa upande na kuonyesha umbo la jiwe vizuri kuliko ule wa saa sita.

Prizimu ya nyuzi 45 na ya nyuzi 90

Prizimu ni kipande kizito cha kioo kilichokatwa ili kuirekebisha taswira. Kulia huwa kulia na kushoto huwa kushoto. Zipo za aina mbili. Katika prizimu ya nyuzi 90 jicho hutazama mbele moja kwa moja, kuelekea kule lenzi inakoelekea, kama ilivyo kwa kamera ndogo za milimita 35. Katika ile ya nyuzi 45 mpiga picha hutazama kwa mshazari kuelekea chini, kamera ikiwa usawa wa kidevu au kifua.

Prizimu humfaa zaidi anayefuata kitu kinachotembea. Wachimbaji wanaopasua mwamba, vijana wanaobeba mawe kutoka machimboni na kina mama wanaosugua sanamu kwa msasa na maji hawatasimama kumngoja mpiga picha ajikumbushe kulia ni wapi. Kwa kazi ya aina hiyo, taswira isiyogeuka ni msaada mkubwa.

Prizimu ya nyuzi 90 ni nzuri kwa picha za watu waliosimama, kwa kuwa huiweka kamera usawa wa macho yao. Ile ya nyuzi 45 ni ya wastani, kwani inatumika mkononi na vilevile kwenye stendi ya miguu mitatu bila kuumiza shingo sana. Anayetaka prizimu moja tu kwa kazi mchanganyiko aghalabu huishia na hiyo.

Hasara zake ni uzito na bei. Prizimu ya kioo huongeza karibu nusu kilo au zaidi juu ya kamera ambayo tayari ni nzito, na mlima wa kwenda machimboni hauhesabu gramu kwa huruma. Zipo nyingine zinazotumia vioo bapa badala ya kioo kizito. Hizo ni nyepesi, lakini taswira yake mara nyingi huwa hafifu zaidi. Aidha, baadhi ya prizimu hazionyeshi kingo zote za picha. Chunguza hilo kabla ya kununua, maana usichokiona ukingoni ndicho kinachoharibu usuli wa picha ya katalogi.

Kanuni ya nusu ya kimo

Badala ya kuuliza ni kitazamio gani kilicho bora, ni afadhali kuuliza kamera yako itakaa kimo gani. Ili sanamu isionekane na kichwa kidogo au miguu mifupi, lenzi inafaa kuwa usawa wa katikati ya kitu kinachopigwa picha, kamera ikiwa haikuinamishwa wala kuinuliwa.

Chukua mfano wa kiboko mwenye kimo cha sentimita 20, aliyewekwa juu ya meza ya sentimita 75. Katikati yake ni sentimita 85 kutoka chini, na hapo kitazamio cha kiunoni hakina mpinzani. Sanamu ya mita 2 iliyosimama ardhini ina katikati yake kwenye mita 1, na ijapokuwa ni kubwa kuliko mtu, bado kitazamio cha kiunoni kinatosha. Lakini sanamu ya mita 3, au ile ya mita 1 iliyoinuliwa juu ya nguzo ya mita 1, ina katikati yake kwenye mita 1.5. Hapo kitazamio cha kiunoni kitakuwa juu ya kifua chako, na prizimu ya nyuzi 90 ndiyo itakayokufaa.

Kwa hivyo, kabla ya kununua, orodhesha kazi unazozipiga mara kwa mara na upime katikati yake. Ikiwa nyingi ziko chini ya mita 1.2 hivi, huna haja ya kuuza mbuzi ili ununue prizimu.

Hatari ya kamera ya lenzi mbili

Mwenye kamera ya lenzi mbili ana jambo la ziada la kuliangalia. Lenzi anayoitazamia iko juu ya ile inayopiga picha kwa takriban sentimita 4 hadi 5. Kwa mtu aliye mita 3 mbali, tofauti hiyo haina uzito. Kwa sanamu ya sentimita 15 iliyo karibu, tofauti hiyo inatosha kukata masikio ya sungura ilhali kwenye kitazamio yalionekana yote.

Baadhi ya kamera, Rolleiflex ikiwamo, zina utaratibu wa kusogeza kingo za kitazamio ili zilingane na picha. Utaratibu huo hurekebisha kingo, lakini haubadilishi mahali pa jicho. Lenzi ya juu bado huona sehemu ya juu ya kibakuli kuliko itakavyoonekana kwenye filamu. Dawa kamili ni kuweka kamera kwenye stendi, kulenga na kupanga picha, kisha kuiinua kamera kwa kiasi kilekile kinachotenganisha lenzi hizo mbili kabla ya kufyatua. Kampuni ya Mamiya ilitengeneza kifaa maalumu cha kufanya hivyo kwa kamera zake za lenzi mbili, lakini stendi yenye mhimili wa kupanda na kushuka pamoja na rula vinatosha.

Kamera nyingi za lenzi mbili hazilengi kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja bila lenzi ya nyongeza. Mamiya C330 inasogea karibu zaidi kwa sababu lenzi zake huvutwa mbele kwa mfuko unaokunjuka. Iwapo kazi yako kubwa ni vinyago vidogo, kamera ya lenzi moja itakupunguzia hesabu, kwa kuwa unachokiona kimepita kwenye lenzi ileile inayopiga picha.

Umbo la negativu

Umbo la picha nalo linaingia katika uamuzi. Kamera ya 6 kwa 6 hutoa picha mraba, hivyo hakuna haja ya kuilaza, na kitazamio cha kiunoni hukaa juu daima. Kamera ya 6 kwa 4.5 ni tofauti. Ukitaka picha iliyosimama, itakubidi uilaze kamera ubavuni, na kitazamio cha kiunoni kitageukia pembeni huku taswira ikiwa imepinduka juu chini. Kwa kamera hiyo prizimu inakaribia kuwa ya lazima. Mamiya RB67 iliepuka tatizo hilo kwa kuwa na mgongo unaozungushwa, kamera yenyewe ikibaki ilivyo.

Prizimu zenye kipimamwanga

Baadhi ya prizimu zina kipimamwanga ndani yake. Faida yake huonekana hasa katika picha za karibu. Lenzi ikivutwa mbele ili kulenga kitu kidogo, mwanga unaoifikia filamu hupungua. Kipimamwanga cha mkononi hakilijui hilo, na mpiga picha lazima aongeze mwanga kwa hesabu. Kipimo kinachopita ndani ya lenzi hulihesabu chenyewe.

Lakini kipimamwanga hakijui rangi ya jiwe. Hukadiria kwamba kila kitu kina mwangaza wa wastani, hivyo jiwe jeupe la Kisii hutokea la kijivu, na jiwe lililopakwa rangi nyeusi hutokea limepauka. Kwa jiwe jeupe linalojaza picha, ongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu. Kwa jeusi, punguza. Wengine hupima kiganja cha mkono au karatasi maalumu ya kijivu iliyowekwa mahali pa sanamu.

Jambo jingine ni betri. Prizimu za zamani zilizotengenezwa kutumia betri za zebaki zenye volti 1.35 huleta matatizo leo, maana betri hizo ziliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Betri za kisasa za volti 1.5 huweza kupotosha kipimo. Usilipe bei ya kipimamwanga ambacho hukijaribu. Prizimu isiyo nacho, pamoja na kipimamwanga kizuri cha mkononi, huweza kuwa na manufaa zaidi.

Vumbi la jiwe

Jiwe la Kisii ni laini kwa kuwa lina madini mengi ya talki, yale yale yanayosagwa kuwa poda. Likipasuliwa au kusuguliwa kavu hutoa vumbi jepesi linalopenya kila mahali, na lisilo zuri kwa mapafu ya mchongaji wala ya mpiga picha. Usibadilishe kitazamio machimboni wala ndani ya karakana. Fanya hivyo nyumbani au ndani ya mfuko safi. Vumbi lililotua kwenye kioo cha ukungu halitokei kwenye filamu, lakini hufanya kulenga kuwe kugumu, na kulifuta kwa nguo huacha mikwaruzo ya kudumu. Tumia kipulizio cha mpira. Wenye kitazamio cha kiunoni wakumbuke kukikunja kila wanapomaliza kutazama, kwani kikiachwa wazi huwa bakuli la kukingia vumbi na matone ya mvua.

Unaponunua kilichotumika

Hasselblad iliacha kutengeneza kamera zake za mfululizo wa V mwaka 2013, na Bronica iliondoka sokoni kabla yake, katika mwongo uliotangulia. Takriban vitazamio vyote vinavyouzwa leo vimepitia mikono ya wengine. Kabla ya kutoa pesa, chunguza mambo yafuatayo:

1. Kama kinaingia katika kamera yako. Jina la kampuni pekee halitoshi. Kitazamio cha Bronica ya 6 kwa 4.5, kwa mfano, hakiingii katika Bronica ya 6 kwa 6.

2. Hali ya prizimu. Ielekeze penye mwanga na uchungulie. Madoa meusi au michirizi inayotambaa kutoka ukingoni ni dalili kwamba rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo inabanduka. Nyuzinyuzi kama za buibui ni ukungu.

3. Bawaba na lenzi ya kukuza ya kitazamio cha kiunoni. Zikunjue na kuzikunja mara kadhaa. Kitazamio kisichosimama wima huruhusu mwanga wa pembeni.

4. Macho yako mwenyewe. Anayevaa miwani ajaribu akiwa nayo na akiwa hana. Baadhi ya vitazamio hukubali lenzi ya kurekebisha uoni, vingine havikubali.

5. Usahihi wa kulenga. Panga mawe matano kwa mshazari, lenga la tatu huku tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha piga picha. Ikiwa kwenye filamu jiwe la pili au la nne ndilo lililotokea kwa ukali zaidi, kioo cha ukungu hakikuwekwa mahali pake, na hakuna kitazamio kitakachokusaidia kabla hakijarekebishwa.

Jaribio la mwisho litakugharimu picha chache tu za roli moja. Ni bei ndogo kuliko roli nzima ya sanamu ambazo hazipo tena.

Uamuzi

Kwa mpiga picha ambaye kazi yake kuu ni sanamu za mezani, vibakuli, sahani na vibao, kamera ya lenzi moja ya 6 kwa 6 yenye kitazamio cha kiunoni inatosha kabisa, nayo ndiyo nafuu zaidi. Pesa ambazo zingenunua prizimu zinunue stendi imara na filamu. Akipiga sana nje mchana, aongeze kitazamio cha bomba. Anayewafuata wachongaji na wachimbaji kazini, au anayepiga sanamu za mita 3 na picha za watu waliosimama, atafute prizimu, ya nyuzi 45 kwa kazi mchanganyiko na ya nyuzi 90 kwa kazi ya kimo cha macho. Mwenye kamera ya lenzi mbili asiiuze kwa sababu ya makala haya. Aikague rula yake na kuinua kamera kabla ya kufyatua.

Na kwa vyovyote vile, maadamu kitazamio kinaruhusu, mchongaji aitwe atazame kwanza kabla ya filamu kupigwa. Mpiga picha huijua kamera yake, lakini mwenye jiwe ndiye ajuaye alichokuwa akikitafuta ndani yake, na picha hiyo ndiyo atakayobaki nayo gari likishaondoka.